Tupeane uzoefu: mliopenda ujenzi tangu utotoni, mliingiaje katika ukarabati wa nyumba?

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa simulizi zetu, hasa sisi ambao mapenzi ya kujenga yalituanza tukiwa wadogo, yakatufikisha kwenye nyumba kuukuu. Naanza na yangu.

Nilikuwa mtoto wa kujenga vijumba vya udongo na kuvilazia vijiti kama boriti, na mvua ikivibomoa nilichutama kuangalia ni ukuta upi uliotangulia kuanguka. Baadaye niliwabebea mafundi kokoto, nikajifunza kushika mwiko, timazi na pima maji, na kupata pembe mraba kwa kamba ya vipimo vya 3, 4 na 5. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ajuaye kujenga ndiye ajuaye kukarabati.

Nyumba ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya mawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na lipu ya upande wa chini ilikuwa ikibanduka. Niliikwangua yote, nikapiga mpya ya saruji, ngumu na yenye uso laini, nikaondoka nimejaa furaha. Msimu wa mvua ulipopita, rangi ilikuwa imefura malengelenge hadi kimo cha kifua, na ukiyabonyeza kwa kidole yanatoa maji na ungaunga mweupe wa chumvi. Ukuta wa namna ile hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea usoni mwake na kukauka, nami nilikuwa nimeuziba. Niliibandua lipu yangu kwa tindo na nyundo, kwa gharama yangu mwenyewe, nikauacha ukuta ukauke kwa wiki nyingi, kisha nikapiga chokaa na mchanga kwa tabaka nyembamba. Tangu siku ile, kabla sijashika chombo chochote, huuliza kwanza nyumba imejengwa kwa kitu gani na maji yake yanapita wapi.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa kuanzisha mada hii. Mimi ni binti wa seremala, nimekulia kwenye maranda ya mbao, na hadi leo harufu ya mbao iliyotoka kupigwa randa hunituliza. Nyumba iliyonifundisha zaidi ilikuwa na ufa uliokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha hadi chini, na mwenye nyumba alitaka tuuzibe upesi apake rangi. Nilimwomba subira. Nilichora mstari wa penseli mahali ufa ulipoishia, nikaandika tarehe kando yake, nikawa narudi kila mwezi. Baada ya miezi mitatu ufa ulikuwa umeupita mstari kwa upana wa vidole viwili. Tulipozunguka nje wakati wa mvua, tuliona bomba la paa likimwaga maji yote kwenye pembe ileile ya msingi.

Mchangiaji wa pili

Yangu ni fupi. Nilipenda kupanda juu ya paa tangu nikiwa mvulana, na paa ndilo lililonipa kazi. Wenzangu wanaoanza, doa la dari lisiwadanganye: maji huingia sehemu moja, yakateremka juu ya kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, yakadondokea mbali kabisa. Ingieni darini na taa, mfuate alama za maji kwenye mbao mkielekea juu.

Mwanzisha mada

Dada, simulizi yako ya penseli imenigusa sana, kwa sababu wengi wetu huziba kwanza na kuuliza baadaye. Je, mlilazimika kuuchimba msingi na kuuongezea zege?

Mchangiaji wa kwanza

Hapana, kaka. Tulihamisha bomba, tukachimba mfereji wa kupeleka maji mbali na ukuta, tukasubiri msimu mzima mwingine wa mvua. Ufa haukusogea tena. Ndipo tukauziba, na alama yangu ya mwisho ya penseli mwenye nyumba aliomba isipakwe rangi.