Mafungo ya juma moja Taizé: nijiandae vipi kutoka Lubumbashi?

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Kijana wa miaka 32 kutoka parokia ya hapa Lubumbashi anataka kwenda mafungo Taizé, jumuiya ya watawa wa kiekumene huko Ufaransa. Aanze wapi?

Jibu 1
Milele amina. Aanze na viza, si tiketi. Ombi la Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo) linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla yake. Asingoje huo mwisho. Pasipoti iwe na kurasa 2 tupu na ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka Ulaya. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Wengi hukosea hapa: bima inaanza Jumapili ya mafungo, wakati ndege inatua Ulaya Ijumaa. Ihesabiwe tangu siku ya kuingia.

Jibu 2
Kadi ya chanjo ya homa ya manjano asiisahau, ndugu.

Mafungo yenyewe ni Jumapili hadi Jumapili. Waliopita miaka 30 hukaa juma moja tu, kwa hiyo asiombe mawili. Treni ya kasi inasimama kituo cha Mâcon-Loché, kisha apande basi hadi Taizé. Abebe Biblia, mfuko wa kulalia na nguo nzito.

Jibu 3
Sala ni mara tatu kwa siku, na kimya kirefu katikati. Hicho kimya ndicho moyo wa mafungo! Azoee nyumbani kwanza, dakika 10 kila jioni, simu ikiwa imezimwa. Kazi za mikono pia zipo: kuosha vyombo, kufagia.