Tupeane uzoefu: Vita vya Kagera vilikugharimu nini wewe na familia yako?

Mto Ngono:
Wakuu, habari za muda huu. Kila tukiongelea vita hivi vya Tanzania na Uganda, vya 1978 na 1979, tunaishia kwenye mizinga na majina ya makamanda. Leo naomba twende majumbani: nani alipoteza nini, na alibaki na nini. Wa pande zote za mpaka karibuni, hasa wenzetu wa Uganda, maana naamini ninyi ndio mliolipishwa zaidi.

Nitangulie kidogo. Majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yalivuka mpaka kwa nguvu mwishoni mwa Oktoba 1978, na Novemba 1 akatangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kagera sasa ni Uganda. Wakati huo jeshi lake lenyewe lilikuwa linaasi vipande vipande, makamu wake Mustafa Adrisi ameumia kwenye ajali ya gari, na Marekani imepiga marufuku kahawa ya Uganda. Nyumba yake inaungua, yeye akatoka kwenda kupora shamba la jirani. Aprili 11, 1979 Kampala ikawa imemtoka. Miezi sita haikutimia. Ardhi aliyoifuata hakuipata hata shubiri, na nchi aliyokuwa nayo akaipoteza. Watu waliokufa katikati hapo walikufa kwa ajili ya nini?

Binti Missenyi:
Nilikuwa darasa la tatu, kijiji cha ng'ambo ya mto, upande wa Mutukula. Tulitoka na nguo za mwilini. Baba alitaka kurudi akafungulie ng'ombe, mama akamng'ang'ania shati mpaka likachanika mgongoni. Tulivuka daraja la Kyaka tumebanana, watoto wamebebwa juu juu wasikanyagwe. Siku chache baadaye daraja likalipuliwa. Waliochelewa walibaki mikononi mwa wale askari. Shangazi na mumewe hatukuwaona tena, na hatukuwahi kuoneshwa kaburi.

Tuliporudi 1979 kuta zilikuwepo, lakini mabati hakuna, milango hakuna, hata fremu za madirisha zimeng'olewa. Kijiji kizima hakikuwa na ng'ombe hata mmoja. Asiye Mhaya anaweza kuona hilo ni dogo. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kinaishi kwa samadi. Ng'ombe akiondoka, migomba inadhoofu mwaka hadi mwaka, mkungu unakuwa wa kuwapa watoto tu, na buni nayo inapungua. Kibanja chetu kilichukua miaka mingi kurudi katika hali yake, na baba alifariki kabla hakijarudi. Hasara hiyo haimo kwenye hesabu ya vita niliyowahi kuisoma.

Na mabati yale yalimfaa nani?

Mgambo wa Shinyanga:
Binti Missenyi, pole sana mwanangu. Mengine niliyaona kwa macho yangu, kandokando ya barabara ya Masaka, ndani ya Uganda: mabati, magodoro, cherehani, baiskeli zisizo na magurudumu. Waliokuwa wameyabeba walikuwa wameshakimbia.

Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, haukupita muda tukaitwa. Malori na mabasi ya abiria yalichukuliwa kutusomba. Vijana wanadhani tulifika Kampala juu ya vifaru. Wengi wetu tulitembea, miguu imevimba ndani ya buti.

Pale Lukaya, usiku wa Machi 10, ndipo nilipoogopa kweli. Barabara ni moja na kinamasi kiko pembeni. Askari wa Amin wakaja na Walibya waliotumwa na Gaddafi, wakatumiminia roketi. Brigedi yetu ikatawanyika, kila mtu na njia yake kwenye mafunjo. Brigedi nyingine ilizunguka ikawatokea nyuma, kesho yake wao ndio wakawa wanakimbia. Kulipokucha nilipita kwenye maiti za vijana wa Kilibya. Mmoja mfuko wa shati ulikuwa wazi na picha ya mtoto mdogo inachungulia. Nilisimama pale mpaka koplo akaniita. Kijana yule hakuwa na ugomvi na mtu wa Shinyanga, wala na mtu wa Kagera.

Na tuseme la haki: mji wa Masaka ulibomolewa ukiwa umeshatekwa, kulipiza yaliyofanyika Kagera. Mwenye duka wa Masaka hakumtuma Amin kokote.

Rock City 79:
Sisi Mwanza, mwishoni mwa Machi, ndege ya Libya ilikuja kutupiga. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Bibi yangu hakulala ndani kwa muda mrefu baada ya siku ile, alitandika mkeka chini ya mwembe.

Mlugbara:
Mto Ngono, umeita watu wa Uganda, nimekuja. Kwetu ni Arua. Amin alihesabiwa ni mtu wa West Nile, yaani huku kwetu kaskazini magharibi mwa Uganda, kwa hiyo West Nile yote ikahesabiwa ni Amin. Baba alilima tumbaku, hajavaa gwanda maisha yake yote. Mwaka 1979 askari wa Amin walipita kwetu wakikimbilia Sudan na Zaire (Kongo ya leo), magari yamejaa mali za wizi. Watanzania walipofika hatukuona ubaya wao. Waliweka kambi, wakanunua mihogo kwa mama, wakalipa.

Balaa lilikuja baadaye. Oktoba 1980 wale askari wa zamani walirudi na bunduki kutoka ng'ambo, kisha jeshi jipya la Uganda likaja kulipiza kisasi kwetu sisi raia. Tulikimbia usiku kuingia Zaire. Mdogo wangu wa kike alifariki njiani kwa homa. Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa humo humo misheni. Sisi tulikuwa wakimbizi tayari, habari zikatufikia huko.

Aliyeanzisha yote haya alifariki mwaka 2003 hospitalini Jeddah, hajasimama mbele ya hakimu yeyote. Baba alizikwa Zaire na jembe la watu.

Foleni ya Magomeni:
Nimesoma nikiwa nalia. Mimi ni wa Dar, risasi sikuisikia. Baada ya vita tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Ikapita, mikanda ikazidi kukazwa. Mwanangu wa kwanza alizaliwa 1981, nepi zake nilifua kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haikuwepo. Unapanga foleni ya sukari alfajiri, inafika saa nne unaambiwa imekwisha. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ndio ulitulea. Sisemi yote ni vita, maana mafuta yalipanda bei 1979 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977. Lakini gharama ya vita inayotajwa ni kama dola milioni 500, na nchi ilikuwa maskini. Tulishinda, na kujitetea ilikuwa haki yetu. Ushindi huo ulilipiwa kwenye zahanati zisizo na dawa.

Binti Missenyi:
Kaka Mlugbara, hayo ya Ombaci sijawahi kuyasikia hata siku moja. Shuleni tulifundishwa vita viliisha 1979. Nilikua nikiwachukia watu wa kwenu wote bila kubagua. Pole kwa mzee na kwa mdogo wako.

Mlugbara:
Asante, dada. Pole kwa shangazi.

Mto Ngono:
Uzi unaendelea. Wa Masaka, Mbarara na Rakai bado sijawaona, njooni. Na wenye ndugu waliozikwa makaburi ya mashujaa Kaboya, pale Muleba: semeni alitoka mkoa gani na aliacha watoto wangapi. Cheo si lazima.