Kaoneshwa kuwa mimi ni mke wake, mimi sijaoneshwa kitu. Nifanyeje?

Binti wa Moro: Habari wakuu. Nina miaka 27. Kaka mmoja wa kikundi chetu cha maombi anasema akiwa kwenye mfungo Mungu kamfunulia kuwa mimi ndiye mkewe. Ni mtu mzuri, sina la kumsema. Ila nami nimeomba, Mungu kimya. Nikimwambia hivyo anajibu nina moyo mgumu, nisishindane na Mungu. Kwao wanaandaa barua ya posa. Naogopa kumkatalia Mungu, na naogopa kuolewa kwa hofu.

Mzee wa Kijiweni: Hawa waoneshwaji mbona hawaoneshwi mjane mwenye watoto watano? 😂

Mama Neema: Mwanangu, soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu wa Yuda alikatazwa kula wala kunywa kule Betheli. Akaja nabii mzee, akamwambia malaika kaniagiza nikurudishe ukale kwangu. Uongo mtupu. Akarudi, akala, njiani simba akamuua. Aliacha alichoambiwa yeye akafuata cha mwenzake. Paulo kasema tusitweze unabii, lakini pia tujaribu mambo yote. Ufunuo usiotaka kujaribiwa mimi naushuku. Halafu huo "moyo mgumu"! Samweli aliitwa na Mungu mara tatu akidhani ni kuhani Eli, wala hakukemewa. Aliitwa tena.

Mkatekista: Kwetu Wakatoliki ufunuo binafsi haumlazimishi mtu kuamini. Kibeho, Rwanda, wasichana wa shule walianza kutokewa na Bikira Maria mwaka 1981. Askofu akaunda tume ya madaktari na ya wanateolojia. Tamko la kuwakubali likatoka 2001. Huyo kaka ana haraka ya nini?

Abu Salma: Samahani kuingilia, mimi Muislamu. Kwetu wahyi, yaani ufunuo, ulikoma kwa Mtume (s.a.w.). Kwenye posa tunaswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu akuongoze, rakaa mbili na dua, na anaswali mwenye jambo lake, bibi harusi naye. Ndoto si lazima. Ulizia tabia zake, shauriana na wazazi.

Binti wa Moro: Asanteni. Mama Neema, huyo nabii mzee sijawahi kusikia akihubiriwa! Sasa nimjibu mwenyewe au nipitie kwa mchungaji? Maana mchungaji ni mjomba wake.

Mzee wa Kijiweni: Aaah! Si ungeanza na hilo, dada.

Mama Neema: Mpitie mama yako kwanza, kabla barua haijafika.