Pikapu inakalia nyuma nikipakia: nifunge mifuko ya hewa au niongeze chuma kwenye springi?

Dizeli_Shamba (mleta uzi)
Habari za muda huu wakuu. Naomba ushauri wa haraka, fundi ananisubiri. Nina pikapu ya kabini mbili, dizeli, 4x4, springi za nyuma ni zile za vyuma bapa. Nikipakia, nyuma inakalia na pua inanyanyuka. Taa zinamulika juu mpaka wanaokuja mbele wananiwashia full, na usukani unakuwa mwepesi kuliko kawaida. Ikiwa tupu iko safi kabisa. Nifunge mifuko ya hewa juu ya ekseli, au niongeze chuma kimoja kila upande? Kipi kinadumu? Nawasilisha.

Spana17
Mkuu, anza na springi zenyewe. Egesha sehemu tambarare gari likiwa tupu, pima kuanzia katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kulia na kushoto. Vipimo vikipishana sana, upande mmoja umechoka au una chuma kilichokatika. Ingia chini na tochi, angalia kwenye shimo la sentaboti (bolti ya katikati inayoshika vyuma pamoja) na kwenye jicho la mbele, ndiko vinakopenda kukatikia. Bushi nazo zikague.

Ukiamua kuongeza chuma, nunua yu-bolti mpya nne, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Za zamani zimeshavutika, ukizirudisha zinalegea, ekseli inasogea na sentaboti inakatika. Zikaze gari likiwa limesimama kwa tairi zake, halafu rudia baada ya kilomita 500 hivi. Ujue tu kwamba chuma cha ziada kinafanya kazi muda wote, hata ukiwa huna mzigo, kwa hiyo gari tupu litarukaruka.

Namba_ya_Tairi
Wote mnaruka tairi. Ubavuni kuna namba ya uwezo wa kubeba: 110 ni kilo 1,060 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120, 114 ni kilo 1,180. Upepo wa mzigo umeandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, na wa nyuma huwa ni mwingi kuliko wa mbele. Wengi wanapakia na upepo ule ule wa gari tupu, tairi inapata joto, ubavu unapasuka. Jaza asubuhi tairi zikiwa baridi.

Mama Trela
Mleta uzi, kilo ngapi? Umeeleza kila kitu isipokuwa mzigo.

Dizeli_Shamba
Ni mzigo wa kawaida wa shamba dada, si mzito kihivyo. Namba_ya_Tairi asante, zangu ni 112.

Mama Trela
"Kawaida" haipimiki kwenye mizani. Ni nini na ni kilo ngapi?

Dizeli_Shamba
Sawa. Ni tangi la plastiki la lita 1,000, lile lenye kizimba cha chuma, nalijaza maji ya kumwagilia. Na siku nyingine navuta trela yenye pampu na jenereta. Lakini nieleweke: hii gari inaitwa ya tani moja, na lita 1,000 za maji ni kilo 1,000. Sijazidisha. Isitoshe mifuko ya hewa nimeshainunua, boksi limeandikwa inabeba kilo 2,000. Nilichotaka ni uthibitisho tu kabla fundi hajaanza.

Kioo_cha_Nyuma
Ndugu yangu, hiyo barabara tunaitumia wote. Gari likizidishwa uzito halisimami pale unapotaka, na anayegongwa ni mtu ambaye hata hajui kama ulikuwa na maji nyuma. Bima nayo inaweza kukukana ikithibitika ulizidisha. Nunua lori dogo.

Mama Trela
Swali lake linajibika kwa hesabu. Mzigo unaoruhusiwa kupakia ni uzito wa juu wa gari likiwa na kila kitu, ukitoa uzito wake likiwa tupu. Namba ya kwanza iko kwenye bamba la nguzo ya mlango. Kabini mbili nyingi za dizeli 4x4 zinabakiwa na kilo 900 hadi 1,050, na humo wamo watu, bampa la chuma na chochote ulichofunga baada ya kununua.

Maji 1,000, tangi tupu 60, watu wawili 150. Trela inakandamiza mpira wa kuvutia (kichwa cha chuma nyuma ya gari kinachoshika trela) kwa asilimia 10 hivi ya uzito wake: ikiwa na kilo 1,500, hapo ni 150. Jumla 1,360. Hata nikikupa tani moja kamili, umezidi kwa 360.

Tena kilo 150 za mpira haziishii kuwa 150. Mpira uko kama mita 1.25 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli mbili kuna kama mita 3.1. Ekseli ya nyuma inaongezewa kama 210, ya mbele inapunguziwa kama 60. Huo ndio wepesi wa usukani unaousema.

Kete_Tatu
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Tangi la lita 1,000 ni pana. Kabini mbili ina bodi fupi, na ndani kuna matuta ya tairi. Haliingii. Mleta uzi weka picha, vinginevyo tunashauriana kuhusu gari ambalo halipo.

Anko Pampu
Nami nilikuwa na wasiwasi huo huo. Kwanza kasema mzigo si mzito, ghafla ni tani.

Spana17
Linaingia. Kitako cha tangi hilo ni mita 1.2 kwa 1.0. Kati ya matuta ya tairi, nyingi zina kama mita 1.1, na urefu wa bodi ni kama mita 1.5. Ukiliweka upande wa mita 1.0 ukipita kati ya matuta, linakaa na nafasi inabaki.

Dizeli_Shamba
Asante Spana17. Sina sababu ya kutunga, gari linanitesa kweli. Lakini Mama Trela, mifuko si inanyanyua gari? Likikaa sawa, tatizo liko wapi?

Fundi_Fremu
Tatizo ni chasisi. Springi ya vyuma bapa inashikilia chasisi sehemu mbili, mbele ya ekseli na nyuma yake, kwa hiyo uzito unagawanyika. Mfuko wa hewa unasukuma sehemu moja tu, juu ya ekseli. Mkia wenye tangi na trela unakandamiza chini, mfuko unasukuma juu, na kila shimo barabarani linazidisha. Chasisi inapinda au kupasuka karibu na pale mfuko unapokaa, au nyuma kidogo ya kabini. Hizo kilo 2,000 za kwenye boksi ni uwezo wa mfuko. Chasisi haikuongezewa hata kilo moja.

Halafu kuna breki. Baadhi ya pikapu zina vali ya breki za nyuma yenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli, inayosoma jinsi nyuma ilivyokalia. Ukiinua nyuma kwa hewa au kwa chuma cha ziada, vali inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma wakati umebeba tani. Chungulia juu ya ekseli kama unayo.

Sasa fanya hivi kabla ya fundi kugusa chochote. Ondoa tangi, egesha tambarare, pima uwazi kati ya kabini na bodi: juu na chini, kulia na kushoto.

Dizeli_Shamba
Nimepima. Kulia juu mm 31, chini mm 24. Kushoto juu 30, chini 25. Nilidhani ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Fundi_Fremu
Inawezekana bushi za kabini zimechoka, lakini uwazi ukipanuka juu pande zote mbili, nashuku kwanza mkia wa chasisi umeshuka. Mwambie fundi asifunge mifuko. Osha chasisi kuanzia nyuma ya kabini hadi kwenye mkono wa nyuma wa springi, kaushe, pitisha tochi kwenye kila weldi na kila tundu. Rangi iliyochanika na mstari mwembamba wa kutu ni ufa, hata kama hauingizi kucha. Kisha peleka kwa wanaopima chasisi kwenye benchi. Usikubali kuchomelewa bamba juu ya chasisi iliyopinda kabla haijanyooshwa.

Dizeli_Shamba
Mifuko naisimamisha, nitajaribu kuirudisha. Lakini maji shamba linayahitaji. Nikijaza nusu tangi je?

Mama Trela
Nusu ya tangi kubwa ni hatari ya aina nyingine: maji yanakimbilia mbele ukishika breki, na ubavuni ukikata kona. Chukua tangi la lita 500, lijae, lisukume hadi ligusane na ukuta wa kabini, mikanda minne kwenye ndoano za bodi. Siku hiyo usivute trela. Ukitaka lita 1,000 kwa safari moja, ziweke kwenye trela yenye breki zake, tangi juu ya ekseli, likisogea mbele kidogo tu. Bila breki, pikapu nyingi zinaruhusiwa kuvuta kilo 750 tu, trela yenyewe ikiwemo. Na hayo yote ni baada ya majibu ya benchi.