Ushauri: Bi mkubwa anameza dawa tatu za presha, miguu inavimba na presha haishuki

Nyaturu wa Mjini
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa dawa. Bi mkubwa wangu ana miaka 63, yuko Singida, presha anayo miaka mingi. Mwanzoni alipewa enalaprili, akakohoa kikohozi kikavu mpaka majirani wakaanza kunong'ona TB. Akabadilishiwa, kikohozi kikaisha. Sasa hivi anatumia:

Amlodipini 10 mg, asubuhi
Losartani H, asubuhi
Lasix 40 mg, asubuhi (ya kukojoza, aliongezewa baada ya miguu kuanza kuvimba)

Shida ni kwamba miguu bado imejaa. Ukibonyeza juu ya kifundo kwa kidole, shimo linabaki. Usiku misuli ya mguu inamkaza mpaka anapiga kelele, akisimama ghafla anaona kizunguzungu, na juzi presha ilisoma 168/98. Dawa zote hizo zinafanya nini sasa? Naombeni ushauri kabla sijamleta Dar.

Kibuyu
Pole mkuu. Hiyo figo. Mwahishe.

Shangazi Kaja
Pole sana mwanangu. Muachishe hayo makemikali, apate choya glasi moja asubuhi na jioni, na kitunguu saumu kibichi. Mama mkwe wangu alipona kabisa, leo analima.

Zamu ya Usiku
Mimi ni mfamasia. Shangazi, choya inashusha presha kidogo, hilo sikatai. Lakini mtu wa 168 akiacha dawa ghafla anaomba kiharusi, na presha ya aina hii hudhibitiwa tu, haiponi. Tusimpeleke mama wa watu huko.

Nyaturu, nijibu haya kwanza. Imevimba miguu yote miwili au mmoja? (Ukiwa mmoja, na unauma nyuma ya goti kushuka chini, funga uzi huu umpeleke hospitali sasa hivi, inaweza kuwa damu imeganda.) Analala kwa mto mmoja au anahema akilala chali? Uvimbe ulianza lini, na kabla ya hapo kuna dawa iliyobadilishwa? La mwisho: kuna kidonge kingine chochote anachomeza, hata cha dukani?

Nyaturu wa Mjini
Nimempigia sasa hivi, mdogo wangu yuko naye. Miguu yote miwili. Jioni ndiyo inajaa, asubuhi inapungua. Hahemi, analala vizuri tu. Ulianza wiki chache baada ya amlodipini kupandishwa kutoka 5 kwenda 10.

Dogo kafungua kopo la Blue Band anamoweka dawa, kakuta kibahasha kimeandikwa kwa kalamu "1x2" na ndani diklofenaki 50. Anameza kwa ajili ya magoti, asubuhi na jioni, ananunua duka la dawa pale mtaani. Mama anasema hizo si dawa, ni za maumivu tu 😅

Zamu ya Usiku
Basi hapo ndipo penyewe. Ngoja niwaeleze taratibu, maana wengi wana kopo kama hilo nyumbani.

Amlodipini inatanua mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile inayorudisha haitanuki kwa kiasi hicho. Msukumo unaongezeka kwenye vimishipa vya katikati, maji yanavuja na kukaa kwenye nyama, na kwa kuwa yanafuata chini, yanakaa kwenye vifundo. Kadiri dozi inavyopanda ndivyo inavyotokea zaidi: kwenye majaribio, waliotumia 5 mg walivimba kama 3 katika 100, waliotumia 10 mg walizidi 10 katika 100, na wanawake zaidi ya wanaume. Mwili wake hauna maji ya ziada, yamehama sehemu tu. Ndiyo maana Lasix haijasaidia miguu. Na ile H kwenye Losartani H nayo ni dawa ya kukojoza, kwa hiyo anakojozwa mara mbili, anapoteza chumvi na potasiamu. Kizunguzungu na misuli kukaza naona vinatokea huko.

Sasa diklofenaki. Inabakiza chumvi mwilini na kupandisha presha, yaani inavuta kinyume na kule losartani inakosukuma. Kibaya zaidi ni figo. Mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo unahitaji kemikali fulani za mwili ili ubaki wazi, diklofenaki inazizuia, mshipa unabana. Losartani kwa upande wake inalegeza mshipa wa kutokea. Dawa za kukojoza zinapunguza damu yenyewe. Kila moja peke yake figo inavumilia. Zote tatu kwa mama wa miaka 63, akiharisha siku mbili tu, figo inaweza kuzima.

Diklofenaki aache leo, hakuandikiwa na mtu. Hizo nyingine ASIACHE mwenyewe. Wiki hii apime kreatinini (inaonyesha figo inavyochuja), sodiamu na potasiamu, aende kwa daktari na kopo lote, vibahasha na vyote. Mwambieni daktari tarehe dozi ilipopanda, yeye ndiye ataamua kurudisha 5 mg na kuondoa Lasix. Mkojo ukipungua, akitapika au akianza kuhema, msisubiri wiki iishe.

Kibuyu
Sasa daktari aliyempa Lasix alisoma wapi?

Zamu ya Usiku
Usimhukumu haraka. Mama mwenye presha, miguu imejaa, unawaza moyo na figo kwanza, na Lasix ndiyo iko mkononi. Hakuona kopo. Hata kikohozi kile cha enalaprili, nina hakika kuna mtu alimpa dawa ya kikohozi kabla hajabadilishiwa.

Nyaturu wa Mjini
Tena chupa mbili, na amoksilini juu 🙌 Magoti sasa tufanyeje? Bila kidonge haamki.

Zamu ya Usiku
Parasetamoli 500 mg, vidonge viwili mara tatu kwa siku, asizidishe. Ile diklofenaki ya kupaka si mbaya kama kidonge, kidogo ndiyo inaingia kwenye damu, ila asubiri majibu ya figo. Na akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja, aushikilie kidogo, ashushe, abadilishe. Msuli wa paja ukipata nguvu, goti linapumua.

Mpole wa Tabata
Naongezea: kama mmemnunulia ile chumvi ya "wenye presha" ya supermarket, someni nyuma. Nyingi zimewekwa potasiamu, na losartani inabakiza potasiamu mwilini. Mzee wangu ilimpanda mpaka mapigo ya moyo yakavurugika, tukalala naye wodini.

Zamu ya Usiku
Sahihi kabisa. Apunguze chumvi ya kawaida tu.

Nyaturu wa Mjini
Asanteni sana. Dogo anampeleka Jumatatu na kopo lake. Nitaleta majibu.

Kibuyu
Mfamasia, mimi nameza amlodipini 5 na miguu iko poa. Niache?

Zamu ya Usiku
Meza kaka.