Naomba ushauri: alizibwa tundu la moyo utotoni, sasa anataka kukimbia

Habari za saa hizi wakuu. Mdogo wangu wa kike, tupo naye hapa Moshi, alizaliwa na tundu kwenye moyo, lile la kati ya vyumba viwili vya chini. Alipasuliwa kifua akiwa mdogo. Sasa ni mama wa mtoto mmoja, dawa hatumii, na kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kinaonyesha tundu limeziba vizuri.

Shida ni pumzi. Tambarare anatembea hadi mimi ndiye naomba tupumzike, ila tukipandisha kwenda Kibosho anashika kiuno, mabega juu, maneno yanakatika. Juzi alipulizishwa kile kimashine cha mapafu: ujazo wa hewa ni mdogo kuliko wa mtu wa umri na kimo chake, ila njia za hewa hazijabana, kwa hiyo haikuonekana dalili ya pumu. Daktari akasema hutokea kwa waliopasuliwa kifua utotoni, na mazoezi ya taratibu yanasaidia. Mama kusikia mazoezi akawa mkali. Kwake huyu bado mgonjwa, hata ndoo humpokonya.

Mwenyewe anataka zile kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon. (Mimi hata hizo siziwezi.)

Wenye uzoefu, mlianzaje? Kuna aliyepimwa moyo huku anatembea kwenye mashine, na kwa Kaskazini alipimiwa wapi? Mazoezi ya kupumua nayo yana msaada? Akipata kizunguzungu au maumivu ya kifua najua ni kuacha na kurudi hospitali, hilo msinitishe nalo.