Paladin wangu nimemuongezea IAS (asilimia ya kasi ya kupiga) lakini sioni tofauti ya kasi. Nipime vipi?

Mpiga Zeal:
Wakuu, habari za jioni. Nacheza Diablo II: Resurrected nje ya mtandao, Paladin wa Zeal, ule ustadi wa kupiga mapigo matano mfululizo. Silaha ni Grief, yaani mchanganyiko wa rune niliouweka kwenye shoka la Berserker Axe, imetoka na IAS 40. Aura yangu ya Fanaticism inaandika kasi 33. Juzi nimeokota glavu zenye IAS 20, nikavua zile za zamani zilizokuwa na kinga nzuri ya moto na umeme, nikitegemea mkono wa mtu utafunguka. Macho yangu hayaoni tofauti. Nimejaribu kupima mapigo kwa saa ya simu, namba zinayumba tu, leo hivi kesho vile.

Ukurasa wa mhusika hauniambii pigo moja linachukua muda gani, na shoka lenyewe linaandika maneno matupu kuhusu wepesi wake. Nipime vipi nipate kitu cha kuaminika? Na hizi glavu zinafanya kazi kweli? Kinga niliyoiacha inaniuma, sitaki kuipoteza bure.

ChumaMoto:
Glavu ni nzima mkuu. Kasi kwenye gemu hii haipandi taratibu, inapanda kwa vizingiti. Usipovuka kizingiti, asilimia ulizoongeza zinakaa tu hapo bila kazi.

Nahodha_25:
Tuanze na kipimo, maana bila kipimo tutabishana mpaka kuche. Tangu toleo la mwaka 2000 hadi hili la 2021, hesabu ya ndani ya gemu inakwenda fremu 25 kwa sekunde. Michoro mipya inapita laini machoni, lakini chini yake fremu moja bado ni milisekunde 40, na hakuna pigo la fremu nne na nusu. Pigo la fremu 4 ni sekunde 0.16, la fremu 5 ni sekunde 0.20. Kidole kwenye saa ya simu hakiwezi kuzitenganisha hizo mbili hata ufanye nini.

Kwa hiyo usipime pigo moja. Pima mzunguko mzima wa Zeal, yaani mapigo yote matano, kuanzia pigo la kwanza la mzunguko mmoja hadi pigo la kwanza la mzunguko unaofuata. Rekodi skrini kwa OBS, iweke picha 60 kwa sekunde zisizobadilika. Usitegemee kurekodi kwa simu kwa kawaida, kwa sababu simu nyingi hupandisha na kushusha idadi ya picha kimyakimya. Kisha fungua video kwenye VLC, isimamishe, na ubonyeze herufi E: kila ukibonyeza inasogea picha moja. Fremu moja ya gemu ni picha 2.4 za video hiyo, basi ukipata idadi ya picha, gawanya kwa 2.4.

Angalia pia unampiga nani. Baridi inapunguza kasi yako, laana ya Decrepify nayo inapunguza, na bosi Duriel usimguse kabisa kwa kipimo maana anatembea na aura yake ya baridi, Holy Freeze. Mimi hupimia kwa bosi Andariel wa ngazi ngumu ya Hell, naandika /players 8 kwanza ili damu yake iwe nyingi asife katikati ya hesabu. Yeye ni sumu tu, na sumu haigusi kasi.

Kinanda:
Naongezea hapo kwa Nahodha: asiye na nafasi ya OBS kwenye mashine yake anaweza kupiga mizunguko kumi mfululizo na kutumia saa. Mizunguko kumi ya fremu 24 ni sekunde 9.6, ya fremu 28 ni sekunde 11.2. Pengo la sekunde moja na nusu hata kidole kinaliona. Wanaocheza kwenye seva wasipime huko, mtandao ukikwama kidogo tu namba zote zinaharibika.

Mpiga Zeal:
Asanteni sana wakuu, nimefanya kama mlivyosema, kwa Andariel. Bila glavu mzunguko unachukua picha 69 au 70. Nikivaa glavu, 67, mara chache 68. Kumbe tofauti ipo ila ndogo mno. Sasa mbona asilimia 20 nzima inaleta kitu kidogo hivi?

Shangazi Rune:
Vipimo vyako ni vizuri sana mdogo wangu, vinalingana na hesabu. Picha 69 na nusu ni fremu 29, na picha 67 ni fremu 28.

IAS ya kwenye vifaa haiingii kwenye hesabu kama ilivyoandikwa. Jumlisha zote ulizovaa pamoja na ya silaha, zidisha kwa 120, kisha gawanya kwa jumla hiyo ukiiongezea 120, na ukate desimali. Ukiwa na 40 inabaki 30. Ukiwa na 60 inabaki 40. Hapo ndipo unajumlisha Fanaticism, ambayo yenyewe haikatwi, halafu unatoa kasi ya asili ya silaha. Berserker Axe ni 0, kwa hiyo hapo hakuna kinachobadilika. Kikomo cha jumla hiyo ni 75, hata ukizidisha hupati zaidi.

Bila glavu ulikuwa na 63, ukiwa nazo una 73. Kwa Zeal, mapigo manne ya kwanza ni fremu 5 kila moja kuanzia 41 hadi 74, na yanashuka kuwa 4 pale tu unapofika 75. Glavu zimegusa pigo la tano peke yake, limetoka fremu 9 kuwa 8. Umebakiza 2 tu mdogo wangu! Jumla ya IAS 65 kwenye vifaa inatosha.

ChumaMoto:
Kwa nini asihamie upanga wa Phase Blade? Kasi yake ya asili ni -30, na hasi ndiyo wepesi. Hata Grief mbovu kabisa yenye IAS 30 inavuka 75 bila glavu. Maumivu ya Grief yanatoka kwenye ile nyongeza ya 340 hadi 400, kwa hiyo shoka linamzidi upanga kama asilimia 4 hivi. Kutoka fremu 28 kwenda 24 kunampa mapigo zaidi ya asilimia 16. Na Phase Blade haiendi kwa fundi kutengenezwa.

Shangazi Rune:
Hesabu yako sipingani nayo, lakini Grief nyingine inataka rune nyingine ya Lo, na anayecheza peke yake ataitafuta mpaka achoke. Phase Blade pia inataka Dexterity 136, pointi hizo ziko wapi kama alishazimwaga kwenye Strength ya shoka? Kama kofia yake haina tundu na bado hajachukua zawadi ya fundi Larzuk ya kutoboa kifaa, atoboe hapo aweke kito cha IAS 15. Jumla inakuwa 75, inabaki 46, na Fanaticism 33 ni 79. Amevuka.

Kinanda:
Akiongeza ngazi za Fanaticism kwa vifaa je, si ni asilimia 2 tu zinahitajika?

Shangazi Rune:
Inawezekana, ila huko juu kasi yake inapanda kwa kujivuta, ngazi kadhaa kwa asilimia moja. Asome namba kwenye maelezo ya aura yenyewe kabla ya kuvua kitu.

Mpiga Zeal:
Nimeweka kito kwenye kofia. Picha 57, 58, 57, 58. Hii sasa hata bila video inaonekana, Andariel anayumba muda wote! Swali la mwisho: kwa kuwa kito kipo, naweza kurudisha glavu zangu za kinga?

Nahodha_25:
Hapana mkuu. Kito bila glavu ni IAS 55, inabaki 37, na Fanaticism inakuwa 70. Unarudi fremu 28, kule kule ulikokuwa. Ukipata mkufu wa Highlord's Wrath wenye IAS 20, au deraya ya Treachery yenye 45, hapo glavu za kasi unazivua bila wasiwasi. Pima tena siku hiyo.